Mlinzi wa Zizi Asiyesikia

Miongoni mwa barua zilizotufikia juma hili imo ya baba wa familia moja inayoishi pembezoni mwa mji wa Morogoro, mahali ambapo nyumba zimeachana na fisi bado husikika usiku. Familia hiyo ina mbuzi 18, kuku, na mbwa jike anayelala mlangoni mwa zizi. Jike huyo alizaa watoto wanne. Watatu wamekwisha kuchukuliwa na wafugaji wa jirani. Wa nne, mweupe mwili mzima isipokuwa doa jeusi kwenye mkia, hakupata mtu wa kumtaka kwa kuwa imebainika kwamba hasikii. Sasa ana majuma kumi. Majirani wanashauri apigwe rungu au akatupwe porini. Mama mzazi wa mwandishi hataki kusikia habari ya mbwa wa pili karibu na nyumba anayoswalia. Mtoto wa kiume mwenye miaka 11 analia kila porini panapotajwa. Na siku chache kabla ya barua kuandikwa, mdogo wake wa miaka mitatu alimshika kilebu huyo akiwa usingizini. Kilebu akashtuka, akamng'ata kidole.

Baba anatuuliza mambo matatu. Je, inajuzu kumuua? Je, ni halali kumfuga ikiwa hana masikio ya kulindia? Na je, mbwa kiziwi anaweza kufundishwa jambo lolote?

Kabla ya yote hayo tunataka kuzungumzia kile kidole, ambacho barua imekitaja kwa mstari mmoja tu na kusema kwamba jeraha lilikuwa dogo. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa hauangalii ukubwa wa jeraha, wala umri wa mbwa. Mtoto yeyote aliyeng'atwa na mbwa asiyechanjwa, hata kama ni kilebu wa nyumbani aliyezaliwa mbele ya macho yetu, jeraha lake lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akapimwe haja ya chanjo. Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza kwa mwanadamu, karibu kila mara mwisho wake ni mauti. Chanjo ikiwahi kabla ya dalili, humwokoa. Kwa hiyo, ndugu yetu, ikiwa mtoto hajapelekwa, liweke gazeti hili chini umpeleke sasa. Yaliyobaki utayasoma ukirudi. Na huyo kilebu, atakapotimiza miezi mitatu, apatiwe chanjo na daktari wa mifugo, kisha arudie kila mwaka au kama daktari atakavyoelekeza. Mama yake vivyo hivyo.

Ama suala la kumuua. Imepokewa kwa Abdullah bin Mughaffal, katika mapokezi ya Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba Mtume (s.a.w.) aliacha kuamrisha mbwa wote wauawe kwa sababu nao ni umma miongoni mwa umma, na maana hiyo inakwenda sambamba na aya ya 38 ya Suratul An'aam, inayowataja wanyama wa ardhini na ndege kuwa ni umati mfano wetu. Mbwa mshambuliaji anayedhuru watu ana hukumu yake, na wanazuoni hawakuficha. Lakini kilebu aliyeamshwa ghafla na mkono asiousikia ukija hajawa mshambuliaji. Alifanya ambalo hata mwanadamu angelifanya akiguswa gizani na mtu asiyemjua. Kukosa kusikia si kosa, na haijawa sababu ya kumwaga damu.

Kumtupa porini kunaonekana kuwa na huruma zaidi kuliko rungu, na wengi wetu hujifariji hivyo. Sisi hatuoni huruma ndani yake. Mbwa asiyesikia, akiachwa kando ya barabara, hasikii lori wala bodaboda. Akiachwa msituni, hasikii chui wala fisi. Ni kumuua kwa mkono wa mwingine. Wasomaji wetu wanaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Huyu kilebu hata akiachwa ajitafutie, hana uwezo huo. Nusu ya silaha za kujitafutia hakupewa. Anayeona hawezi kumlea na amtafutie mfugaji mwingine anayehitaji mlinzi, amweleze wazi hali yake, na amkabidhi mkononi.

Suala la pili ni zito zaidi, na tumefurahi kwamba baba huyu amelifikiria, kwa kuwa wengi hulipuuza. Hadithi za Bukhari na Muslim ziko wazi: anayefuga mbwa asiye wa kuwinda, wa kulinda mifugo au wa kulinda shamba, amali yake hupungua kila siku kirati moja, na katika riwaya nyingine kirati mbili. Kwa hiyo ruhusa imefungamana na kazi. Je, kiziwi ana kazi?

Tutazame wanazuoni walimwelezaje mbwa aliyefundishwa. Katika aya ya nne ya Suratul Maida Mwenyezi Mungu (s.w.t.) amehalalisha kilichokamatwa na wanyama tuliowafunza kuwinda, na akakumbusha kwamba hayo tunayowafunza ni katika yale tuliyofunzwa na Yeye. Swahaba Adiyy bin Hatim, ambaye alikuwa mwindaji, alimwuliza Mtume (s.a.w.) maswali mengi juu ya jambo hilo. Mafakihi wakakusanya sifa za mbwa aliyefunzwa: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, akikamata asijilie. Isomeni orodha hiyo tena. Kwenda, kuzuilika, kujizuia. Hakuna sifa kati ya hizo ambayo haiwezi kufikiwa kwa ishara ya mkono. Na juu ya kulea kilebu ambaye bado hajaweza kazi kwa nia ya kumfunza, Imamu Nawawi, katika madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu huku Afrika Mashariki, ametaja hitilafu na akaipa nguvu kauli ya kuruhusu. Familia hii ina zizi, ina mbuzi na ina fisi. Haja ipo. Asiye na zizi wala shamba, anayetaka mbwa wa kumpamba sebuleni, huyo asijifiche nyuma ya barua hii. Na mwenye kutaka fatwa kamili kwa hali yake na amwendee sheikh wake; safu hii ni ya malezi.

Sasa tuje kwa kilebu mwenyewe, maana ndipo penye mazungumzo marefu.

Kwanza, ana uhakika gani baba kwamba ni kiziwi? Watoto wa mbwa wote huzaliwa masikio yamefungwa, na matundu yake hufunguka wanapokaribia majuma mawili. Katika uziwi wa kuzaliwa, mara nyingi sikio la ndani huanza vyema kisha huharibika kati ya juma la tatu na la nne. Sababu yake inahusiana na rangi. Chembe zile zile zinazotia rangi kwenye manyoya huhitajika pia ndani ya sikio, katika utando unaolisha kiungo cha kusikia. Zikikosekana, mishipa ya damu ya utando huo hunyauka na vinyweleo vinavyopokea sauti hufa. Ndiyo maana uziwi huonekana zaidi kwa mbwa weupe. Mbwa wa aina ya Dalmatian, wale weupe wenye madoa meusi, wamechunguzwa sana. Huko Marekani iligunduliwa kwamba takriban 30 katika kila 100 wana tatizo hilo kwenye sikio moja au yote mawili. Isifahamike kwamba kila mbwa mweupe ni kiziwi. Wengi wao husikia vizuri kabisa. Lakini mbwa mwenye uziwi wa namna hii asizalishwe, kwa kuwa huurithisha.

Kumpima nyumbani kunahitaji hila kidogo. Wengi hupiga makofi au kukanyaga chini kwa kishindo, kilebu akageuka, wakasema anasikia. Kumbe amehisi upepo wa makofi au mtetemo wa ardhi kwa nyayo zake. Msubirini alale, msimame nyuma yake hatua kadhaa, mahali asipoona kivuli wala kupata harufu ya upepo, kisha mgonge sufuria kwa kijiko bila kuiweka chini. Asiyesikia hatatikisa hata ncha ya sikio. Anayesikia kwa sikio moja atashtuka, lakini mara nyingi hugeukia upande usio wenyewe. Vilevile apelekwe kwa daktari wa mifugo aangaliwe ndani ya masikio, kwa sababu uchafu, utitiri na usaha huweza kuziba usikivu, na hayo yana dawa.

Ikithibitika ni kiziwi, ijulikane kwamba kazi iliyopo mbele si kubwa kama inavyodhaniwa. Mbwa, hata mwenye masikio mazima, huutazama mwili wa mwanadamu kuliko anavyosikiliza maneno yake. Anayefuga anajua: ukisema "njoo" huku umekunja uso na kuinua fimbo, mbwa hatakuja. Huyu wenu anabaki na kile ambacho wenzake wote hukitegemea kwanza.

Somo la kwanza ni kutazama. Kabla hajafundishwa kuja, kukaa wala kulinda, kilebu lazima azoee kuugeukia uso wa mlezi mara kwa mara bila kuitwa, kwa kuwa asiyekutazama hana njia ya kukusikia. Chukueni vipande vidogo vya nyama au dagaa. Kila anapoinua macho kumtazama mtu, atupiwe kipande. Afanyiwe hivyo mara nyingi kwa siku, dakika chache kila mara, asichoshwe. Baada ya muda mfupi ataanza mwenyewe kuwakagua watu wa boma kama mpishi anavyochungulia chungu. Kumwita akiwa mbali, mchana punga mkono juu, na akiwa karibu kanyaga ardhi. Usiku washa na kuzima tochi kuelekea chini mbele yake, isimpige machoni.

Kisha zije ishara. Tunashauri familia ikae pamoja, bibi akiwemo, na kukubaliana ishara tano zisizozidi: njoo, kaa, acha, nenda, na ya tano ya kumwambia kwamba amefanya vyema. Hiyo ya tano ndiyo muhimu kuliko zote, maana mbwa mwingine husikia "vizuri!" papo hapo, na huyu lazima aione papo hapo. Kidole gumba kikiinuliwa, kisha chakula mara moja, kitamtosha. Kila ishara iwe kubwa, ionekane kutoka upande wa pili wa zizi, ifanywe kwa mkono mmoja kwa sababu mchungaji daima ana fimbo au ndoo katika mkono wa pili, na ifanywe namna moja na watu wote. Kijana wa miaka 11 akiita kwa kupunga na baba akiita kwa kupiga paja, kilebu ataelewa kwamba nyumba hii ina lugha mbili na hajui ipi ni yake. Jina mpeni, kama kawaida yetu ya kumwita kila mbwa Simba. Litawafaa ninyi kumzungumzia.

Kuna jambo moja tunalisisitiza kuliko mengine. Mkono ndio ulimi wa mtu mbele ya mbwa huyu. Mkono huo usimpige. Mbwa anayesikia, akipigwa, huweza kukwepa mikono na bado akasikiliza sauti. Kiziwi akijifunza kuogopa mikono ataacha kuwatazama, na hapo hamna mlango mwingine wa kuingilia. Akikosea, mchezo usimame, mtu amgeuzie mgongo, akose kile alichokuwa akikitaka. Hilo hulielewa vizuri sana. Kadhalika kung'ata: vilebu hujifunza kulegeza meno kwa kusikia kilio cha ndugu zao wanapoumizwa, na huyu hakukisikia kilio hicho hata siku moja. Si ukali. Ni somo lililompita, nanyi mtamfundisha kwa kuondoka kila anapobana kwa nguvu.

Usingizi ndio hatari kubwa, kama kile kidole kilivyoonyesha. Pahali pake pa kulala pawe kwenye kona, mgongo ukutani na uso kuelekea njia, nyuma ya kizuizi ambacho mtoto wa miaka mitatu hawezi kukivuka. Mtoto wa umri huo asiachwe naye peke yake kamwe, awe amelala au yu macho. Watu wazima wamzoeze kuamshwa: sogezeni kipande cha nyama karibu na pua mpaka harufu imwamshe, au mkanyage ardhi kwa mbali kisha mkaribie. Kila akiamka apate chakula. Ikirudiwa kila siku, kuamshwa ghafla kutakuwa kwake ni bishara ya mlo badala ya tishio. Na mnapotoka nyumbani msimnyemelee mkaondoka. Mwoneni, mwonyesheni mkono, ndipo mwende. Kiziwi aliyezinduka akakuta boma tupu huhangaika, na huzuni yake huishia kwenye viatu vya wenye nyumba.

Sasa, bibi na swala yake. Hofu yake ni ya haki, na haifai kuchekwa na wajukuu. Kwa madhehebu yetu majimaji ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Madhehebu ya Imamu Malik yanamhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara, lakini bibi hakulelewa huko na hatuna sababu ya kumhamisha. Kikavu kikigusana na kikavu hakuna najisi inayohama. Tatizo ni mate, na mwili wake ukiwa umelowa. Na katika hili malezi ya kiziwi yana wepesi wake, kwa kuwa hufundishwa kwa macho, kutoka mbali. Chakula cha zawadi kirushwe chini, kisitolewe kwa kiganja. Bakuli lake liwe na alama na likae zizini. Kijana awe na nguo maalumu za kufanyia mazoezi, azivue kabla ya kuingia ndani. Ama hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa, wapo wanazuoni walioona haimhusu mbwa aliyeruhusiwa na wapo walioichukua kwa ujumla wake. Makao yake yakiwa zizini, nje ya nyumba, bibi hatahitaji kusubiri wanazuoni wakubaliane.

Je, atalinda? Tuseme ukweli: peke yake, usiku wa giza, hatoshi. Mwizi anayenyata kwa nyuma na upepo ukiwa upande wake atampita. Lakini hayuko peke yake. Anaye mama yake, na mbwa kiziwi humsoma mbwa mwenzake kwa haraka ya ajabu. Masikio ya jike yakisimama, kijana atasimama. Jike akikimbilia uzio, naye atakimbilia. Pua yake ni nzima, macho yake yamezoea kufanya kazi ya ziada, na mtetemo wa ardhi huufahamu kabla ya watu. Viziwi wengi hubweka, ingawa sauti zao huwa na lafudhi ya peke yake. Mchana, akiwa na mbuzi malishoni mahali pa wazi, anaweza kuwa mlinzi mwema hasa, mradi awe amefungwa kamba ndefu mpaka ishara ya kuja imkae barabara, na asipelekwe kando ya barabara kuu bila kamba maisha yake yote. Tunakadiria miezi kadhaa ya mazoezi, si siku kadhaa, na mwalimu anayefaa zaidi katika nyumba hiyo ni yule kijana wa miaka 11, chini ya uangalizi wa baba yake, kwa kuwa ana subira ambayo watu wazima tumeimaliza kwenye mambo mengine.

Mvisheni ukanda wa shingoni wenye njuga. Yeye hataisikia, ila ninyi mtajua aliko gizani. Fungeni juu yake kitambaa chekundu pia, kisha mpite nyumba kwa nyumba muwaeleze majirani maana yake: mbwa huyu hafukuziki kwa kelele, hapaswi kurushiwa mawe kwa kuwa hakuitika, na anayetaka kupita karibu naye na asimame kwanza mahali atakapoonekana.